Nguo Isiyo na Mwenyewe

Paukwa!

— Pakawa!

Wa nyuma kule mmefungua midomo tu, sauti sijaisikia. Paukwa tena!

— Pakawa!

Uzi una ncha ngapi?

— Mbili!

Moja ninayo mimi, moja mnayo ninyi. Atakayesinzia ataiangusha ya kwake, nami sitainama kumwokotea.

Haya. Hapo kale, watu walipokuwa waongo kama sisi ila walikuwa na nafasi ndogo ya kujisifia, palikuwa na mji ukiitwa Vuyani. Watu wake walilima, walifuga, walisengenyana. Kwa ufupi, walikuwa watu.

Mila yao moja tu ndiyo iliyowatenga na wengine. Kila aliyefikia utu uzima alijishonea nguo ya safari. Safari gani? Msinitazame hivyo, mnaijua. Ile ambayo mtu haandai masurufu. Nguo hiyo hakushonewa mtu. Ulikata mwenyewe, ukashona mwenyewe, kwa kipimo cha mwili wako mwenyewe, ukaikunja ukaiweka chini kabisa ya kasha. Ukinenepa, unaifumua na kuiachia. Ukikonda, unaipunguza. Mwenzako aliruhusiwa kukushikia ncha ya uzi tu, basi, kwa kuwa hajaumbwa mtu anayeweza kujipima mgongo.

Na kwa nini wasumbuke hivyo? Kwa sababu Mauti wa Vuyani hakuwa na macho. Alikuwa na viganja. Hakumjua mtu kwa sura, wala kwa jina, wala kwa cheo, jambo lililowaudhi sana wenye vyeo. Alikuja alasiri, akapiga hodi tatu kama mgeni aliyelelewa, akaomba nguo, akamvisha mwenyewe, kisha akapapasa. Begani, kifuani, kiunoni. Ikimkaa, alisema, "Hii ni yako. Twende." Wakaenda.

Katika mji huo alikuwapo fundi wa kushona aliyeitwa Mize. Mume wake alikwenda mji wa jirani kununua ng'ombe, akapata mke, akabaki huko huko na wote wawili. Mize alibaki na binti mmoja, Mashavu, na sindano. Sindano ikawalisha.

Ufundi wa Mize haukuwa wa kubahatisha. Alikuwa na uzi wa katani, na kila mteja alimfungia mafundo yake: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la nyonga, fundo la mkono. Ukimletea uzi wako giza totoro, angekuambia ni wa nani kwa vidole. Alijua nani bega lake la kushoto limeshuka kwa kubeba maji, na nani amejaza kifua kwa kuvuta pumzi ili aonekane mwanamume. Siri ya mtungi aijuaye kata. Miili ya Vuyani yote ilikuwa kwenye vidole vya Mize, na watu walimwamkia kwa heshima, kama unavyomwamkia mtu anayejua unachokificha.

Sasa, masika moja Mize akashikwa na kikohozi. Masika yakaisha, kikohozi kikabaki. Majirani wakaanza kumletea uji. Wakileta uji, wanakaa kidogo, wanampa pole, halafu jicho linawatoka linakwenda kwenye kasha. Mize aliona. Akajua anaagwa.

Hakutaka kufa. Nani anataka? Lakini kila mtu akikataa kufa hutafuta sababu yenye sura nzuri, na Mize sababu yake ilikuwa Mashavu. Nani atamwoza? Nani atamfundisha kukata kwapa lisivute? Sababu ilikuwa ya kweli. Ningekuwa mwongo nikisema ilikuwa ndiyo hiyo peke yake.

Akafungua kasha, akatoa nguo yake ya safari, akaitazama jinsi ilivyokatwa vyema. Kisha akaifumua mbavuni. Akaongeza kitambaa huku, akaongeza kule, akapanua bega, akapanua kiuno, nguo ikawa hema. Akaikunja akairudisha.

Alasiri moja, hodi. Hodi. Hodi.

Mauti akaingia. Mtu wa makamo, miguu imejaa vumbi, uso mtulivu kama wa mtu aliyeshindwa kesi zamani akasahau. Akaomba nguo, akapewa. Akamvisha Mize, akapapasa. Begani, inapwaya. Kifuani, inapwaya. Kiunoni, wangeingia wawili na mtoto.

"Hii si yako," Mauti akasema.

"Si yangu, baba," Mize akajibu.

"Basi ina mwenyewe."

Akamvua taratibu, akaikunja, akaitia kwapani, akatoka. Mize akakaa chini akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho kikawa cha mwisho mwaka ule. Asubuhi yake alifagia uwanja.

Hakujiuliza yale maneno yana maana gani. Ninyi mmeshajiuliza. Ngojeni.

Haikupita juma moja, kilio kikatoka kwa Bi Somoe, mpika vitumbua. Bi Somoe alikuwa mwanamke mnene, mnene wa neema, mabega kama mlango, kicheko chake kinafika kisimani kabla yake. Alikutwa amekaa kwenye kibao chake, chuma cha vitumbua kikiwa bado na moto, amevaa nguo ya safari. Imemkaa. Na chini ya kasha lake ikakutwa nguo yake ya safari nyingine, haijaguswa.

Waombolezaji walilijadili hilo kwa kina, kama kawaida ya waombolezaji. Wakafikia uamuzi kwamba marehemu alikuwa na tamaa ya nguo.

Mize alipofika kumuaga mwenzake aliinama, akaona pindo. Mshono mdogo mdogo unaoegemea kulia, kama mchele uliomwagwa kwa mpangilio. Vuyani nzima palikuwa na mkono mmoja tu ulioshona hivyo. Akainuka. Akasema "Poleni." Akaenda kukaa na wanawake wenzake, ukaja wali wa matanga, akala. Alijiambia kwamba huenda siku ya Bi Somoe ilikuwa imefika tu, na mtu hafi kwa pindo. Wali ulikuwa mzuri. Akaongezwa.

Mwaka ukazunguka. Kikohozi kikarudi, na majirani wakarudi na uji.

Mize akatoa kitambaa kipya. Safari hii hakupanua. Akakata nguo nyembamba na ndefu, nyembamba kama ala ya upanga, mikono inafika chini ya goti. Alipokuwa akikata alijua anachofanya. Mara ya kwanza ungeweza kusema hakujua. Mara ya pili mkasi ulikuwa unasema wenyewe: huyu, huyu, huyu. Hakuusikiliza.

Hodi. Hodi. Hodi.

Mauti akajaribu kumvisha. Bega likakataa. Kifua kikakataa. Kiunoni haikufika kabisa.

"Hii si yako."

"Si yangu, baba."

"Basi ina mwenyewe."

Akaikunja, akaitia kwapani, akatoka. Na Mbaruku mkwezi, kijana mrefu aliyepanda minazi bila kamba, aliyeoa juzi, ambaye mkewe alikuwa na mimba changa, alishuka kutoka mnazini salama salimini, akakaa kivulini apumzike. Wakamkuta hapo. Nguo imemkaa. Mkewe alilia akisema mume wake hakuwa hata amemaliza kuishona ya kwake, ilikuwa bado haina mikono.

Safari hii Mize wali haukupita.

Hapa nitasimama kidogo. Mnadhani sasa atatubu. Naona nyuso zenu, mmeshamwandalia msamaha. Watu wengine dhamiri huwazuia. Mize ilimfanya afikiri zaidi. Alikaa siku nyingi anafikiri, halafu akapata jibu, na jibu lilimfurahisha hasa kwa kuwa lilionekana kama wema: atashona nguo ya mtu asiyekuwapo.

Kweli, kosa lilikuwa nini? Kosa ni kwamba kila alichokata kilikuwa kipimo cha mtu. Unene upo, urefu upo. Basi akate kisicho cha mtu. Akachukua kitambaa. Mkono wa kulia akaukata kamili. Wa kushoto akaukomesha chini kidogo ya kiwiko, akaushona mdomo ukafungika kama mfuko. Bega la kulia akaliweka mahali pake, la kushoto akalipandisha karibu na sikio. Kiuno kidogo, cha msichana.

Kisha akafanya uchunguzi, maana alikuwa fundi mwangalifu. Akaenda kisimani, akaenda sokoni, akaenda harusini, na jicho lake likampima kila mtu. Mwenye kibiongo alikuwa mnene mno. Mwenye kigutu alikuwa mzee mrefu, na kigutu chenyewe cha kulia. Hapakuwa na mtu. Mize akarudi nyumbani amenyooka. Kikohozi kilipokuja hata hakukasirika. Alimkaribisha Mauti kama mtu anayemngojea mgeni wa kumwonyesha kitu.

Hodi. Hodi. Hodi.

Begani, hapana. Kifuani, hapana. Mauti alipofika kwenye mkono ule mfupi, kiganja kikatulia.

"Hii si yako."

"Si yangu, baba."

"Basi ina mwenyewe."

Safari hii Mize alishindwa kujizuia. "Haina," akasema. "Huyo mtu hayupo."

Mauti akaikunja nguo. "Kama hayupo atakuwapo," akasema. "Mimi sina haraka." Akaitia kwapani, akatoka.

Ukapita muda. Hakufa mtu. Watoto wakazaliwa Vuyani, mke wa Mbaruku akajifungua, watu wakaanza kusema hewa ya mji imekuwa nzuri. Mize hakukohoa tena. Mashavu akawa mwanamwali, akaposwa na kijana mmoja mpole wa upande wa mashamba, na huko mashambani akawa anakwenda msimu wa miwa kusaidia kukamua. Kinu cha miwa kilikuwa cha magogo mawili, kinazungushwa na ng'ombe. Unalisha muwa huku, juisi inatoka kule.

Mnajua lililotokea. Sitawarembea. Mkono wa gauni ulinaswa, gauni likavuta mkono, na ng'ombe haelewi kelele. Walipomsimamisha, mkono wa kushoto wa Mashavu ulikuwa umekwisha chini kidogo ya kiwiko, na bega limeng'oka. Mganga wa viungo akalirudisha kadiri alivyoweza. Likarudi juu sana, karibu na sikio.

Mashavu hakufa. Homa ikaja ikaondoka, kidonda kikafunga. Mchumba mpole akawa mpole zaidi, kisha akawa haonekani. Mize alimuuguza mwanawe kwa mikono miwili, na katika siku hizo zote hakuona kitu. Fundi aliyeona bega la kila mtu hakuona la mwanawe. Mama akimtazama mtoto mgonjwa hampimi.

Aliona siku aliyotaka kumshonea gauni. Magauni ya zamani yalikuwa yanavuta. Akachukua uzi wa katani, akamsimamisha Mashavu mlangoni penye mwanga, akaanza kufunga mafundo. Fundo la bega. Fundo la kiuno. Fundo la mkono wa kushoto. Vidole vikasimama. Vidole vilikuwa vimewahi kufunga mafundo hayo, kwa mfuatano huo, kwa umbali huo.

Mashavu akamuuliza kulikoni. Mize akasema uzi umemkata kidole.

Siku ile ile habari zikaingia mtaani kwamba kuna mgeni kipofu anapita nyumba kwa nyumba, nguo kwapani, anaomba watu wanyooshe mikono. Anapapasa, anasema "Si wewe," anashukuru, anakwenda nyumba ya pili. Alikuwa amebakiza nyumba chache.

Mize akatoka, akamngojea uwanjani. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipomwona anakuja na miguu yake ya vumbi.

"Mwenye nguo hii yumo humu," Mauti akasema. Hakuuliza.

"Yumo fundi aliyeishona."

"Sitafuti fundi."

"Nichukue mimi."

"Kwa nguo ipi? Mara tatu nimekuvisha, mara tatu umeniambia si yako. Mimi ni mtu wa kuamini ninachoambiwa."

Mize akapiga magoti. Alilia, alimwita baba, alimwita bwana, akamweleza habari za mkono, za mchumba, za kuachwa. Mauti alisikiliza yote, maana alikuwa na adabu, na hakuna lililomgusa, maana amesikia yote. Mwishowe akasema yeye huja kuchukua mmoja, na huchukua aliyekaliwa na nguo. Kama humo ndani kuna nguo nyingine, ailete. Ikimkaa Mize, ataiacha hii. Isipomkaa, atamvisha binti. Atakaa barazani mpaka jua lizame.

Mize akaingia ndani. Ile nguo yake ya kwanza ilikwisha kwenda na Bi Somoe. Palikuwa na kitambaa, sindano, uzi, na jua likiinama.

Akajipima mwenyewe. Akapitisha uzi kifuani, akainama aone fundo, na kuinama kukabadili kifua. Akafungua, akapima tena, akanyoosha mkono kuufikia mgongo, na mkono ukalivuta bega. Mara ya tatu akakaza macho ukutani asiiname, na uzi ukateleza ukapita kwapani asijue. Vipimo vitatu, wanawake watatu, na Mize hakuwa hata mmoja wao. Angeita jirani. Jirani wa kulia walikuwa watoto wa Bi Somoe. Jirani wa kushoto alikuwa mjane wa Mbaruku. Alisimama na uzi mkononi, hakuita.

"Nipe nikushikie, mama," Mashavu akasema.

Akaja akasimama nyuma yake. Ncha moja akaibana kwa meno, ya pili akaivuta kwa mkono wake mmoja. Begani. Mgongoni. Kwapani. Alikuwa akifunga fundo kwa vidole vya mkono mmoja na jino, polepole, na Mize akiyahisi mapigo ya pumzi yake shingoni.

"Unajikunja," Mashavu akasema, uzi mdomoni. "Simama kama unavyosimama."

"Hujaniuliza ni nguo ya nini."

"Najua ni nguo ya nini. Nimesikia mlivyokuwa mnazungumza hapo nje." Akafunga fundo. "Na lile pindo nililiona kwa Bi Somoe. Nikaliona na kwa Mbaruku."

Mize akataka kugeuka, mwanawe akamzuia kwa kiwiko cha kigutu, kipimo kisivurugike.

"Hukusema," Mize akasema.

"Ningesema ningebaki na nani?"

Methali inasema kikulacho ki nguoni mwako, na watu huichukulia kuwa habari ya chawa.

Mize akatandika kitambaa, akakata. Na msidhani mkono wake haukusita. Ulisita kwenye kwapa. Akipunguza nusu ya kidole tu pale, nguo ingebana, Mauti angesema si yako. Na nje kungekuwa na nguo moja tu yenye mwenyewe. Mkasi ulikaa wazi. Mashavu alikuwa amekaa sakafuni mbele yake, ameshikilia kitambaa kwa kidole gumba cha mguu kisicheze, anamwangalia mamake usoni. Mkasi ukapita kwenye alama.

Akashona. Kwa mara ya kwanza mishono yake haikuwa mizuri. Mikubwa, ya haraka, mingine imepinda. Jua lilipogusa ukuta wa mwisho akakata uzi kwa meno, akavaa, akatoka barazani.

Mauti akainuka. Akapapasa. Begani. Kifuani. Kiunoni. Akarudi kwapani, akakaa hapo muda, kama fundi anayesifia kazi ya fundi mwenzake.

"Hii ni yako," akasema.

Mize akakohoa kidogo. "Ni yangu, baba."

Hakugeuka kumuaga Mashavu. Wengine husema alikuwa na haya, wengine husema alihofu kwamba akigeuka tu nguo itavuta. Wakaenda.

Mauti, kwa kuwa alikuwa mwaminifu katika mambo yake, aliiacha ile nguo nyingine kwenye kibao cha baraza, imekunjwa vizuri. Mashavu aliikuta hapo. Alifikiri kuichoma. Alifikiri kuitupa kisimani. Halafu akaijaribu. Ilimkaa begani, ilimkaa kiunoni, mkono mfupi ulikoma pale pale alipokoma yeye. Tangu azaliwe hakuwahi kushonewa nguo iliyomkaa namna hiyo.

Akaivua, akaiweka chini kabisa ya kasha lake. Aliishi sana. Akanenepa, akaiachia. Akakonda, akaipunguza, kwa mkono mmoja na meno, na kila alipoifungua alifumua mshono wa mamake kidogo akaweka wa kwake, mpaka siku Mauti alipopiga hodi hapakuwa na mshono hata mmoja wa Mize uliobaki.

Mjane wa Mbaruku hakuambiwa. Watoto wa Bi Somoe hawakuambiwa. Mpaka leo Vuyani wanasema marehemu alipenda nguo.

Hadithi yangu nimeikata hapo, pindo malizieni wenyewe. Ikikubana, ilegeze. Ikikupwaya, kaa nayo hivyo hivyo, usimpe jirani.